Mizizi ya Lupiro na Kidonda cha Baba Fidelis

Niliondoka Mbeya kwa sababu ya pakiti mbili za unga wa dawa zilizotakiwa kuwa kitu kimoja, lakini hazikuwa. Pakiti ya kwanza tuliletewa na mfanyabiashara wa mchele ambaye alijikata mguu akiwa kwenye ununuzi bonde la Kilombero. Alisema mama mmoja wa Lupiro alimwosha kidonda kwa dawa hiyo, kikakauka kabla hajamaliza kupakia mzigo. Kazi yetu katika maabara ya chuo ni kuchukua mizizi, magamba na majani ambayo watu huoshea vidonda, kisha kuangalia kama kweli yanaua bakteria wanaoleta usaha. Unga ule uliua. Tukaagiza pakiti nyingine, ikanunuliwa sokoni Ifakara kwa jina lile lile. Hiyo haikuua chochote.

"Tukiagiza ya tatu tutakuwa tunapiga ramli," mkuu wetu wa maabara alisema. "Atupele, nenda ukauone huo mti kwa macho yako, na uone anavyouandaa."

Kwa bahati nina mtu Ifakara. Hamisi nilisoma naye chuo cha maabara, na sasa anafanya kazi katika maabara moja ya huko. Aliniombea ruhusa ya kutumia meza yao na vifaa vyao, na ndiye aliyemtafuta mama wa Lupiro mpaka akampata kwa simu. Anaitwa Mama Fidelis, mkulima wa mpunga na mganga wa tiba asili mwenye kibali. Alikubali niende, kwa sharti moja: jina la mti lisiandikwe popote mpaka yeye mwenyewe aseme ndiyo. Mkuu alikubali kwa maandishi. Kwa hiyo msomaji asihangaike kulitafuta jina hilo humu; halimo.

Mchana wa safari nilipanda treni nikiwa nimevaa sweta, na mpaka Makambako sikujuta. Kutoka hapo reli huanza kushuka, handaki baada ya handaki, na kila tulipotoka upande wa pili hewa ilikuwa imepata joto kidogo. Nilisinzia katikati ya mahandaki hayo. Nilipoamka kulikuwa kumekucha, Mlimba tumeshaipita, na nje kulikuwa na tambarare ambayo mtu wa milimani huitazama kwa mashaka, kama vile kuna kitu kimeondolewa. Milima ilikuwa imesimama upande mmoja tu. Upande mwingine ulikuwa mpunga uliokatwa, mpunga uliosimama, na tena mpunga.

Karibu na Mngeta, mama niliyekaa naye aliniuliza nakwenda kufanya nini Ifakara. Nikamwambia nakwenda kupima dawa ya kienyeji.

"Unapima kama inaponya?"

"Napima kama inaua wadudu wa kidonda."

"Si ndiyo hivyo hivyo?"

Nikamwambia siyo hivyo hivyo, lakini treni ilikuwa inasimama. Akashuka na ndoo zake kabla sijamweleza, na nadhani ameshanisahau. Mimi swali lake nilikaa nalo hadi Ifakara.

Stesheni ya Ifakara nilimkuta Hamisi akinisubiri na pikipiki yake. Tulifunga kisanduku changu cha vifaa nyuma kwa mpira na kuingia mjini katikati ya baiskeli. Sijawahi kuona mji wenye baiskeli nyingi kiasi kile. Zinabeba kuni, watoto, magunia, na mahali pengine mlango mzima wa nyumba. Nyumbani kwake mkewe, Zuhura, alitutengea wali na samaki wa kukaanga, kisha akaniangalia.

"Wifi, hilo sweta vua. Huku tunavaa khanga na jasho."

Nikalivua. Mchana huo Hamisi alinipeleka maabara kumsalimia mkuu wake, akanionyesha kabati la joto la kuoteshea bakteria, jokofu, na kona ya meza niliyopewa. Tukapanga kazi. Tungekwenda Lupiro kuchukua mizizi, tungeirudisha mbichi, tungeiandaa kwa njia ya mama huyo na kwa njia yetu, halafu tungeipima kwa bakteria niliowaleta kutoka Mbeya, wale wa kawaida ambao kila maabara huwatunza kwa ajili ya majaribio. Ilikuwa kazi nyepesi.

Asubuhi iliyofuata tulivuka mto Kilombero kwenda upande wa Ulanga. Hamisi alisimamisha pikipiki darajani ili nitazame. Maji yalikuwa yamepungua, lakini mto ulikuwa bado mpana, wa rangi ya chai ya maziwa, na mitumbwi miwili mitatu ilikuwa imelala kando kwenye matete. Alinisimulia jinsi zamani watu walivyosubiri kivuko, na jinsi mgonjwa wa upande ule alivyoweza kuuona mji wenye hospitali bila kuufikia. Kutoka hapo barabara inapita kati ya majaruba. Wakati ule watu walikuwa wanavuna. Kila baada ya mwendo kidogo kulikuwa na turubai limetandikwa na watu wanapiga mpunga.

Lupiro tulianzia ofisi ya mtendaji, tukaeleza tulichofuata na kusaini kitabu cha wageni. Nyumba ya Mama Fidelis ilikuwa nyuma ya kanisa, ya matofali ya kuchoma, ukuta mmoja umezibwa na magunia ya mpunga mpaka dirishani. Yeye mwenyewe ni mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mrefu, mwenye sauti ya chini ambayo inabidi umsogelee kuisikia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Wewe ndiye mtu wa Mbeya. Nilidhani watamtuma mwanaume."

"Wamenituma mimi."

"Afadhali. Mwanaume angetaka kuchimba mwenyewe, aharibu mti."

Nilimtolea pakiti ya sokoni iliyotushinda. Aliufungua unga, akaunusa, akaweka kidogo kwenye ulimi na kutema.

"Haya ni majani. Tena nusu yake siyajui ni ya nini. Mimi natumia magamba ya mzizi, na sisagi. Yule mtu wako wa mchele nilimpa kipande akasage mwenyewe kwa sababu ya safari."

Kwa hiyo fumbo lililonitoa Mbeya lilikwisha pale pale barazani, kabla hata sijaletewa maji ya kunywa. Ningeweza kuchukua mizizi yangu na kurudi. Lakini wakati tunajiandaa kwenda porini, mume wake alitoka ndani.

Baba Fidelis ni mvuvi, mtu mwembamba mwenye mabega ya mtu aliyepiga kasia maisha yake yote. Alitembea kwa kisigino cha mguu wa kulia, sehemu ya mbele imefungwa kitambaa safi. Alikaa kwenye kigoda, tukamwamkia, akaitikia vizuri. Kisha upepo ukageuka, nikapata harufu ya kile kidonda. Si harufu ya kuoza. Ni harufu tamu, kama ya tunda lililoiva kupita kiasi, na mtu aliyekaa maabara miaka kadhaa hahitaji kuambiwa ni ya bakteria gani. Nilimtazama Hamisi, naye akanitazama.

"Ni nini, baba?" niliuliza.

"Mwiba wa kambare. Uliniingia hapa penye kidole cha mwisho, nikitoa wavu. Wakati ule maji yalikuwa bado yamejaa."

"Na dawa?"

"Huyu ananiosha kila siku." Alimwonyesha mkewe kwa kidevu. "Kwanza nilikwenda kutibiwa, nikapewa vidonge, nikamaliza vyote. Kikawa vile vile. Nikarudi kwa daktari wangu wa nyumbani."

Mama Fidelis alichukua jembe dogo na kikapu, akatangulia.

Porini tulitembea kuelekea mahali ambapo ardhi huanza kuinuka na mpunga kuishia. Njia ilikuwa imekatwakatwa na kwato za ng'ombe. Mama Fidelis alisema zamani mti huo ulikuwa karibu na nyumba. Sasa mashamba yameusukuma juu, na kila mwaka anaufuata mbele zaidi. Alipoufikia alichagua upande mmoja tu wa shina, akachimba taratibu, akakata mzizi mmoja wa unene wa kidole gumba, akafukia na kushindilia kwa mguu. Ndani ya gamba mzizi ulikuwa wa manjano kabisa. Nilikata tawi dogo lenye majani kwa ajili ya wataalamu wa mimea, nikalibana katikati ya magazeti.

Wakati wa kurudi nilimwuliza lile nililokuwa nalo kifuani.

"Mama, kile kidonda cha baba tungeweza kuchukua usaha kidogo, tuwaoteshe hao bakteria wake wenyewe, halafu tuipime dawa yako kwao. Tutapima na dawa za hospitali hapo hapo."

Alilikwepa shimo la kwato, kisha akauliza.

"Wale ulioniambia umekuja nao hawatoshi?"

"Wale ni wa majaribio. Wa baba wanaweza kuwa wengine."

"Na ukikuta dawa yangu haiwawezi?"

"Nitakwambia hivyo."

"Utaniambia mimi, au utaandika?"

"Vyote viwili. Lakini wewe kwanza."

Alisimama akahamisha kikapu mkono mwingine. "Watu wanatoka Malinyi kuja kwangu," alisema. "Wanafika, wanamwona mume wangu amekaa barazani na mguu umefungwa. Wewe unadhani hawasemi?"

Nilisema nadhani wanasema. Hilo ndilo lililokuwa likimkera, niliona, kuliko hata kazi yangu: kwamba mtu mmoja ambaye hakumponya alikuwa anaishi naye.

Barazani, nilipomweleza Baba Fidelis, alikubali kabla mkewe hajafungua mdomo. "Mguu ni wangu," alisema. "Chukueni." Tulikwenda naye kituo cha afya, na tabibu wa pale, aliyekuwa anamfahamu, alifungua kitambaa, akasafisha kwa maji ya chumvi na kuchukua sampuli kwa kijiti cha pamba kutoka ndani kabisa. Kitambaa kilichotoka kilikuwa na doa la kijani. Tabibu alibonyeza pembeni ya kidole akakunja uso. Akamwambia Baba Fidelis aende Ifakara, akapigwe picha ya mfupa. Baba Fidelis akamjibu kwamba amesikia, kwa namna ambayo watu hujibu wanapokuwa hawana nia.

Maabara ya Ifakara tulifika jua likiwa bado lipo na tukaanza kazi. Niruhusu nieleze kidogo, maana kuna wanaodhani tunafanya miujiza. Tuna visahani vya plastiki vyenye mfuniko, ndani tunamimina uji unaoganda kama jeli. Juu ya jeli tunapaka bakteria, wasioonekana, kama mtu anavyopaka siagi nyembamba. Kisha tunaweka viduara vidogo vya karatasi vilivyoloweshwa dawa. Kisahani kinalala kwenye kabati la joto. Kesho yake bakteria wameota na kuwa utando wa ukungu juu ya jeli yote. Lakini dawa ikiwa na nguvu, kuzunguka kile kikaratasi panabaki duara safi ambalo hakuna kilichoota. Kadiri duara linavyokuwa pana ndivyo dawa inavyokuwa na nguvu. Hapo ndipo mwisho wa kinachosemwa na kisahani. Hakisemi kama dawa itachoma ngozi, kama itaumiza figo, wala kama itafika mahali bakteria walipojificha.

Magamba mengine tuliyachemsha kwa maji kama Mama Fidelis anavyofanya, kwa muda aliotuelekeza. Mengine tuliyaloweka kwenye spiriti, tukaichuja na kuiacha ikauke mpaka ikabaki rojo ya rangi ya asali. Tuliweka pia vikaratasi vyenye maji matupu na spiriti tupu, ili tusije tukasifia dawa kwa kazi ya spiriti. Sampuli ya Baba Fidelis tuliiotesha peke yake kwanza. Ilipoota, jeli yenyewe iligeuka kijani, na Hamisi alipofunua mfuniko ile harufu tamu ilijaa chumbani. Vipimo vingine vilithibitisha tulichokuwa tumekidhania: ni yule bakteria anayependa maji na unyevu, mkaidi, asiyejali dawa nyingi. Tukampaka kwenye visahani vipya, tukamwekea dawa ya Mama Fidelis ya maji, ya spiriti, na dawa mbalimbali za hospitali.

Siku ya kusoma majibu nilifungua kwanza visahani vya bakteria wa Mbeya. Kwenye yule wa kawaida wa usaha, ambaye kazini tunamfupisha na kumwita stafu, dawa ya Mama Fidelis ilikuwa imekata duara safi, hata ile ya maji. Hamisi alipiga mluzi. Kisha nikafungua vya Baba Fidelis. Utando ulikuwa umeota mpaka ukingoni mwa kikaratasi, umekipita na kukizunguka kana kwamba hakikuwepo. Dawa ya maji, hakuna. Ya spiriti, hakuna. Nilitazama dawa za hospitali. Aina ya vidonge alivyopewa mwanzo nayo ilikuwa imezungukwa na ukungu. Dawa moja tu, ya sindano, ilikuwa na duara pana lisilo na shaka.

"Rudia," Hamisi alisema, ingawa hakuwa na haja ya kusema. Nilirudia yote tangu mwanzo. Majibu yakawa yale yale.

Sikutaka kumwambia kwa simu. Nilimpigia nikamwambia majibu yapo, na kwamba ni bora waje wote wawili wayaone. Akauliza kama ni lazima mume wake aje. Nikasema ni lazima.

Walifika siku iliyofuata kabla ya mchana. Mama Fidelis alikuwa amevaa gauni la kanisani na kilemba. Baba Fidelis alivaa ndala mguu mmoja na mfuko wa nailoni mguu mwingine kuzuia vumbi. Hamisi aliwatafutia viti, tukawaletea visahani vikiwa vimefungwa kwa utepe ili visifunuliwe.

Nilimwonyesha Mama Fidelis kwanza kisahani cha stafu. Nilimweleza ukungu ni nini na duara ni nini. Alikishika kwa vidole vya mikono yote miwili, akakiinua kwenye mwanga wa dirisha.

"Hapa ndipo dawa yangu ilipo?"

"Hapo."

"Na hawa wote wamekufa?"

"Hapo kwenye duara hawakuota."

Alikitazama muda mrefu. Sijui kama nimewahi kuona mtu akitazama kazi ya maisha yake ikiwa imeandikwa kwa namna hiyo. Hakutabasamu, lakini alikizungusha ili mume wake naye akione.

Kisha nikampa cha pili. Sikuwa na haja ya kueleza. Alitafuta duara, akageuza kisahani, akalitafuta tena.

"Inawezekana umekosea?"

"Inawezekana, ndiyo maana nilirudia. Hiki ni cha kurudia. Ni aina nyingine ya mdudu, mama. Dawa yako ina nguvu kwa yule, haina kwa huyu."

"Na vidonge vya kwanza vya kule?"

"Viko hapa. Navyo vimeshindwa."

Akainamisha kichwa kuangalia. "Basi tumeshindwa wote," alisema polepole, na kwa mara ya kwanza nilisikia mzaha kidogo katika sauti yake. Halafu kidole chake kikaenda kwenye duara pana. "Na hii?"

"Hiyo ni sindano. Analazwa, anachomwa kwa siku kadhaa, na kidonda kinasafishwa. Lakini daktari ndiye atakayeamua, baada ya kuona picha ya mfupa."

Baba Fidelis alikuwa akivifuata visahani kwa macho. Sasa akasema hapana. Alisema kwa utulivu kabisa. Mwenzake waliyevua pamoja aliingia hospitali na kidonda kama hicho, akatoka bila mguu kuanzia gotini. Sasa anashinda nyumbani akifukuza kuku kwenye mpunga. Yeye yuko tayari kuendelea kuoshwa nyumbani. Kidonda hakijamwua mpaka leo. "Huyu ataniosha," alisema, "na Mungu atasaidia."

Hamisi alianza kumweleza habari za mfupa, jinsi usaha unavyopanda. Nami nikaongeza langu. Hakutupinga, aliitikia kwa kichwa tu, kama mtu anayengoja mvua iishe. Niliona tunampoteza.

Mama Fidelis aliweka kisahani mezani.

"Baba Fidelis," alisema, "mimi sikuoshi tena."

Akamgeukia.

"Dawa yangu imeshindwa kwa mguu wako. Nimeiona. Nikiendelea kukuosha nitakuwa nakudanganya, na wewe utakaa barazani ukidanganyika. Ukirudi nyumbani leo, urudi ukijua hakuna dawa. Hakuna."

"Utaniacha hivi?"

"Sikuachi. Nitakupikia, nitakaa na wewe huko wodini hata mpunga ukinyeshewa. Ila sikuoshi."

Nilikuwa nimesafiri na kisanduku cha vifaa kutoka Mbeya, na neno lililofanya kazi siku ile halikutoka kwenye kisanduku hicho. Baba Fidelis alitazama mguu wake uliofungwa mfuko wa nailoni. Akaomba maji, akanywa yote. Kisha akauliza hospitali iko mbali kiasi gani kwa mtu anayetembea kwa kisigino.

Hospitalini walimpokea siku hiyo hiyo, tukampa daktari nakala ya majibu. Picha ilionyesha kwamba mfupa wa kidole kidogo ulikuwa umeshaliwa. Walikiondoa kidole hicho, wakasafisha, wakaanza sindano. Nilimpitia mara kwa mara nilipotoka maabara. Siku za mwanzo alikuwa amegeukia ukutani na hakutaka mazungumzo. Mama Fidelis alikuwa kwenye mkeka pembeni, anasali rozari au anachambua mchele wa mgonjwa wa kitanda cha pili ambaye hakuwa na ndugu. Baadaye nilimkuta Baba Fidelis amekaa, anabishana na huyo jirani juu ya samaki gani ana miiba mibaya zaidi. Doa la kijani lilikuwa limekwisha kwenye bandeji.

"Binti," aliniambia, "wamechukua kidole kimoja. Hicho sikukitumia sana."

Siku zangu zilizobaki nilizimalizia kwenye kona yangu ya meza. Nilipima dawa ile kwa bakteria wengine tuliokuwa nao. Kwa baadhi ilikuwa na nguvu ndogo, kwa wengine hakuna. Niligundua pia kwamba kwa maji ya kuchemsha nguvu yake hupungua ikikaa zaidi ya siku mbili hivi kwenye joto la Ifakara. Hilo nilimwambia Mama Fidelis mapema, kwa sababu alikuwa na tabia ya kuchemsha chungu kikubwa cha wiki nzima. Akaniambia ataanza kuchemsha kidogo kidogo, ingawa kuni zitamchosha.

Kurudi Mbeya nilipitia barabara ya Mikumi, maana siku ile treni haikuwa na ratiba iliyonifaa. Basi lilikwenda na milima ya Udzungwa upande wa kushoto mpaka Mang'ula, kisha miwa ya Kidatu, na jioni nilikuwa Iringa nikitafuta sweta langu chini ya mkoba. Vipande vya mzizi vilivyokaushwa nilikuwa navyo mapajani. Kazi iliyoko mbele yake ni ndefu: kutenganisha kilichomo, kujua kama ni salama kwa ngozi na damu, kurudia, na kurudia tena. Huenda kikatoka kitu, huenda kisitoke. Mama Fidelis analijua hilo; nilimwambia mwenyewe, na jina la mti bado ni lake.

Yule mama wa Mngeta aliniuliza swali zuri na sikumjibu. Kuua mdudu kwenye kisahani na kumponya mtu ni mambo mawili, na katikati yao kuna mtu mwenyewe, woga wake, na anayemsikiliza. Nilikuwa nalijua hilo kama somo la darasani. Ifakara nililiona limevaa ndala mguu mmoja.

Majuzi Mama Fidelis alinipigia. Baba Fidelis amerudi mtoni, kwa sasa anasimamia nyavu akiwa juu ya mtumbwi na hakanyagi maji bila viatu vya mpira. Lakini hakunipigia kwa hilo. Kijana mmoja aliletwa kwake kutoka Malinyi na jeraha la panga, na alipofungua kitambaa aliona kijani. Hakumgusa. Alimwambia anayo dawa nzuri sana, ila siyo ya kidonda chake, akampandisha kwenye pikipiki kwenda Ifakara.

"Walikasirika," aliniambia. "Wakasema wamesafiri kote huko nami nawafukuza. Nikawaambia siwafukuzi, nami nilimpeleka wa kwangu."

Nikamwuliza kama hilo limempunguzia watu.

"Wiki ile ndiyo," alisema. "Wiki iliyofuata walikuja wengi."